Jahazi la Ndara

Sanaa iwekwayo mbele ya watu wote hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ufundi wake. Ya pili ni jambo analoondoka nalo mtazamaji. Kazi nyingi hushinda katika ya kwanza zikashindwa katika ya pili. Jahazi liitwalo Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018, lastahili kupimwa kwa zote mbili.

Chombo hiki, chenye urefu wa meta 9 hivi, kiliundwa na mafundi wa Lamu chini ya uongozi wa Ali Skanda. Mkuku na mataruma yake ni plastiki iliyokusanywa takani, ikayeyushwa, kisha ikachongwa na kuungwa kwa mtindo wa waundaji wa kale. Ubavuni kilivikwa ndara 30,000 hivi. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, masafa ya kilometa 500 hivi, kikitia nanga njiani ili watu wakitazame. Na mwaka 2021 kilipelekwa katika Ziwa Viktoria.

Fadhila yake kubwa ni kwamba umbo lake ndilo hoja yake. Rangi zake nyekundu, buluu na manjano hazikutoka katika kopo la mpaka rangi. Kila kipande kilikuwa kiatu cha mtu, naye alikitupa. Bango huamrisha, bali jahazi hili huthibitisha. Tena halikuweza kudanganya, maana kazi ya hila bahari ingeizamisha.

Tulilinganishe na sanamu za Ocean Sole, karakana ambayo wachongaji wake huunganisha ndara zilizookotwa ufuoni, wakachonga kasa, tembo na twiga. Ufundi huo ni jamaa wa ule wa Wamunyu, hapa Machakos, alikotoka Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuwafundisha wenziwe. Mkono ni ule ule, ila mti umegeuka mpira. Sanamu hizo huwapa watu riziki na kuupunguzia ufuo taka, na hilo si dogo. Lakini kasa wa ndara hutukumbusha bahari, ilhali twiga hatukumbushi. Mtazamaji husifu shingo yake ndefu akasahau mahali zilipookotwa ndara.

Hata hivyo jahazi nalo lina kasoro, na kasoro yenyewe ni uzuri wake. Kijana aweza kulitazama akadhani kwamba kila kitupwacho kitapata fundi wa kukigeuza pambo. Sivyo. Ndara 30,000 ni chache mno mbele ya zile zinazotupwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2017, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki, ilitenda jambo lisilowezwa na sanaa, yaani kuizuia taka kabla haijawa taka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na jahazi hili ni ukuta mzuri uliojengwa baada ya ufa. Kazi ya sanaa ni kuwafanya watu waitake sheria ya namna hiyo na kuitii pasipo kusimamiwa na askari.

Kasoro ya pili ni ya njia lililopita. Liliwaendea watu wa pwani na wa ziwani, na mtu wa nchi kavu aweza kudhani kwamba habari hii haimhusu. Lakini Mto Athi, upitao katika Machakos yetu, huitwa Galana ushukapo, kisha Sabaki, nao humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Ndara inayotupwa katika kijito chetu wakati wa masika yaweza kuifuata njia hiyo.

Kwa hiyo, mwanafunzi, kama wataka kuihukumu sanaa hii kwa haki, usiishie kuuliza ni nzuri kiasi gani. Uliza pia ndara zile zilitupwa na nani, na kando ya mto gani.