Kabati Tupu na Wenyewe

Wengi wetu tuliyajua makavazi kupitia basi la shule. Unashushwa Museum Hill na chapati yako kwenye kontena, mnapangwa laini mbili, mnaonyeshwa sanamu ya ndovu Ahmed, mnapitishwa kwa ndege waliokaushwa, mnasimama dakika moja mbele ya mifupa ya Mvulana wa Turkana ambaye Kamoya Kimeu alimgundua mwaka 1984, halafu wote mbio kwa nyoka. Kusema ukweli, nyoka ndio walikuwa tripu yenyewe. Sanaa tuliipita tukielekea kwingine, na hakuna mwalimu aliyetuambia tusimame.

Ndiyo sababu maonyesho ya Invisible Inventories, yaliyofunguliwa humo humo Machi 2021, hayajanitoka kichwani. Yalitokana na mradi wa International Inventories Programme, uliowaleta pamoja Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Nest Collective ya hapa Nairobi, kundi la SHIFT la Ufaransa na Ujerumani, na makavazi mawili ya Ujerumani. Kazi yao ya kwanza ilikuwa ya karani tu: kuandikia taasisi za ng'ambo, kuuliza mko na nini cha Kenya, na kupanga majibu kwenye orodha. Orodha ilipita vitu 32,000, katika taasisi 30. Soma tena hiyo namba. Kisha, ukumbini, wakasimamisha makabati ya vioo ambayo ndani hayana kitu.

Nilienda na mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka saba. Aliegemeza pua kwenye kioo, akazunguka nyuma, akainama kuchungulia chini.

"Anti, wamesahau kuweka?"

Nikamwambia hawajasahau, vimebebwa na watu wa mbali. Akauliza kama tutaenda kwa nyoka.

Sasa, wapo waliosema kabati tupu ni ujanja wa wasanii, kitu cha kupigia picha na kuweka Instagram. Mimi nakataa. Kwa mtoto aliyezoea kwamba makavazi ni mahali pa kuonyeshwa, kutoonyeshwa kitu kulimfanya atafute. Mbele ya makabati yaliyojaa hakuinama hata mara moja. Na kwa sisi wakubwa, namba 32,000 ni maneno tu mpaka usimame mbele ya nafasi ambayo kitu kingekaa. Kwa hilo maonyesho yalifaulu kuliko mengi niliyoyaona mjini humu, ambayo huning'iniza picha nzuri ukutani na kukuacha ujitafutie divai.

Lakini kabati, hata likiwa tupu, bado ni kabati. Linakwambia kuna kitu kinakosekana. Halikwambii ni nani amekikosa. Na hapo ndipo nina ugomvi nalo.

Angalia rekodi za vitu hivi jinsi zinavyoandikwa huko Ulaya. Aliyekusanya mara nyingi ana jina kamili na cheo. Aliyenyang'anywa ana kabila. Chukua ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ambayo iko British Museum tangu 1908, na imewekwa stoo. Kwenye orodha ni ngoma moja kati ya ngoma nyingi. Kwa Wapokomo haikuwa ala ya kupigia muziki wa harusi. Ilikuwa na walinzi wake, na si kila mtu aliruhusiwa kuiona. Ukiiwekea kabati tupu Nairobi umeshaamua kwamba mahali pake ni kwenye kabati, ila tu limehama mji.

Au vigango. Kigango ni ubao mrefu wa kuchongwa, wenye kichwa na pembetatu zilizokatwa kifuani, ambao Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Kikishasimama hakisogezwi. Humwagiwa mnazi, huambiwa shida za boma, huombwa radhi. Kwa maneno mengine ni mtu wa nyumbani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibiwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy akaona slaidi ikipita na kutambua kigango kimoja. Kilikuwa kwenye makavazi ya Illinois State University. Cha pili kilipatikana Hampton University, Virginia. Mzee alishafariki bila kuviona tena.

Hivyo viwili vilijulikana kwenyewe kwa sababu ya picha moja tu. Je, vingine? Makavazi ya Denver yamerudisha vigango 30, na Illinois State Museum ikarudisha 37 mwaka 2023. Nilishangilia kama wengine. Lakini mwizi na dalali hawakuandika boma walilotoa, kwa hivyo vinaporudi vinapokewa na serikali, si na mjukuu. Kitu kimefika Kenya lakini hakijafika nyumbani. Hili ndilo swali ambalo kabati tupu halina jinsi ya kuuliza, na ndilo gumu zaidi, kwa sababu hatuwezi kumtupia Mzungu peke yake. Vigango vingi viliibwa baada ya Uhuru, na walioving'oa usiku na kuviuza kwa maduka ya watalii walikuwa vijana wa huku huku.

Nikiona siku ya familia imetangazwa kwenye nyumba fulani ya sanaa, najua nitakuta nini: kuchorwa simba usoni, kalamu za rangi, bouncing castle, mama mmoja akitafuta kiatu. Sina ubaya na simba usoni. Mpwa wangu amewahi kulala nacho. Ila nashindwa kuelewa kwa nini, tukisema "familia", tunamaanisha watoto wachezeshwe wazazi wapumzike, ilhali vitu tulivyovikusanya humo ndani vilikuwa shughuli za familia kuliko chochote. Kigango ni siku ya familia. Mwite mzee wa Gohu kutoka Kaloleni, mpe kiti na maikrofoni, umwache aseme kwa Kigiriama, kijana wake atafsiri, watoto waulize wanachotaka. Mtoto atauliza kama marehemu anasikia baridi. Hiyo ni programu, na gharama yake ni nauli na chakula.

Invisible Inventories ilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo na haikuitumia. Vituo vyake vilikuwa vitatu: Nairobi, kisha Cologne, kisha Frankfurt. Wajerumani waliletewa makabati tupu miji miwili, wao walio na vitu vyenyewe ghalani. Garsen na Kaloleni hazikuwemo. Naelewa pesa zilitoka wapi, na mwenye pesa hutaka kuona kwake. Lakini kama kuna watu ambao wangeangalia kabati lile na kujua hasa umbo la kilichokosekana, ni kule Tana River. Na maze, kabati tupu halihitaji idhini ya British Museum. Lingepakiwa kwa lori Jumatatu, Jumatano liko Garsen.