Rangi Haina Volti

Redio ya gari haihitaji gari. Mafundi wa vibandani Kinyerezi, Dar es Salaam, wanalijua hilo siku nyingi: redio iliyong'olewa kwenye gari bovu, pawa saplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa, spika mbili kwenye boksi la mbao, na jioni genge la chipsi lina muziki. Ukiona kazi imekwisha utadhani ni kuunga nyaya tu. Kaa kwenye benchi uangalie.

Pawa saplai hiyo ukiichomeka ukutani inakaa kimya. Inangoja amri ya kompyuta ambayo haipo tena. Fundi anatafuta waya wa kijani, ulio mmoja tu katika kichane chote, anauunga na mweusi wowote, na feni inazunguka. Imedanganywa kwamba kompyuta imewashwa. Hapa ndipo vijana wanaojifunza hukwama. Redio ina waya mwekundu, pawa saplai nayo inao, na mkono unataka kuoanisha rangi kwa rangi. Kumbe mwekundu wa pawa saplai ni volti 5, na redio inataka 12, ambazo zimo kwenye waya wa njano. Kwa hiyo wa njano na mwekundu wa redio, zote mbili, zinakwenda kwenye wa njano wa pawa saplai. Fundi niliyekuwa namtazama hakueleza lolote kati ya hayo. Alimwacha kijana wake aunge anavyotaka, redio ikagoma kuwaka, ndipo akamsogezea mita. "Pima kwanza, mdogo wangu. Rangi haina volti."

Juu ya meza yake inaning'inia balbu ya kizamani ya wati 100, ile ya waya unaowaka ndani. Si ya mwanga. Kifaa chochote alichokifungua hupitishiwa umeme kwenye balbu hiyo kabla ya kukutana na umeme wa ukutani moja kwa moja. Kifaa kikiwa kizima, balbu inamulika kidogo kisha inafifia. Kikiwa na shoti, inawaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, na hakuna kilichoungua. Hata akichomoa hatii kidole ndani haraka, maana kapasita kubwa ya pawa saplai inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Anangoja, anapima, ndipo anagusa.

Subira yenyewe hasa iko kwenye betri. Betri ya laptopu iliyotupwa kwa sababu "haikai na chaji" mara nyingi ina seli sita, na huenda mbili tu ndizo zilizokufa zikaziangusha nyingine. Anapasua plastiki taratibu, kwa kuwa seli ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Iliyoshuka chini ya volti 2 haipewi nafasi. Zilizobaki anazichaji moja moja hadi 4.2, anazibandika karatasi yenye namba, anaziweka rafuni siku kadhaa, kisha anapima tena. Inayoshuka bila kufanya kazi yoyote inakataliwa, hata kama mteja amesimama mlangoni akilalamika kwamba pawabanki yake imechelewa. Mimi nampenda kwa ukaidi huo. Wapo wanaoziunga siku hiyohiyo, na mteja analala na pawabanki chini ya mto.

Kazi ya namna hii ina ndugu zake jijini: wabunifu wa STICLab waliwahi kuunda printa ya 3D kwa taka za kielektroniki. Ila kibandani hakuna anayeiita ubunifu. Ni fundi redio, basi.

Kinachochekesha ni kwamba Kinyerezi ndiko umeme wa gesi ya Mtwara unakofuliwa. Mtambo wa Kinyerezi I peke yake ni wa megawati 150. Hata hivyo umeme hukatika, na ukikatika redio ya gengeni inasahau stesheni zote, kwa sababu waya wake wa njano, unaotunza kumbukumbu, garini haukosi betri, gengeni hauna. Mama wa chipsi alikuja kulalamikia jambo hilo. Fundi akasema atamfungia betri ndogo ya kushikilia kumbukumbu, lakini seli bado ziko rafuni, arudi wiki ijayo.

"Na taa za kuchezacheza utaniwekea?"

"Za kuchezacheza ni elfu tano zaidi, mama."