Muflisi mbele ya mahakama na mbele ya Mola wake

 

Sisi tuliosoma Minhaji ya Imamu Nawawi chuoni, Mlango wa Taflisi tuliupita mbio, hamu yetu ikiwa ni kufika Kitabu cha Nikahi. Hasara yake naiona leo. Wako wanaopanda mimbari wakasema kuwa mtu akishafilisiwa na mahakama dhima yake imesafika, na hoja yao ni Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.) aliyoipokea Imamu Muslim. Mtu alinunua matunda yakapatwa na maafa, madeni yakamzidi. Mtume (S.A.W.) akawaamrisha watu wamtolee sadaka, nayo isitoshe. Hapo akawaambia wadai wachukue walichokikuta, hawana zaidi ya hicho.

Wao huishia hapo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameifahamu kuwa hawana zaidi kwa wakati ule, maadamu mtu hana kitu. Akipata, haki yao iko palepale. Aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, kisha ikasema kumsamehe ni bora zaidi. Lau deni lingekuwa limekufa, muda ungekuwa wa kungojea nini? Na mdai angesamehe kitu gani?

Tutazame Afrika Kusini, ambako Waislamu wa Cape Town wengi wao ni Mashafi kama sisi wa pwani, na wa Durban wengi ni Mahanafi. Kwa Sheria ya Ufilisi Namba 24 ya mwaka 1936, mdai mmoja mwenye deni la kiasi kinachojulikana, lisilopungua randi 100, aweza kuiomba Mahakama Kuu imfilisi mdaiwa wake. Hutolewa kwanza amri ya muda, na mdaiwa huitwa aeleze kwa nini isithibitishwe.

Mpaka hapa fiqhi yetu haiko mbali. Kwetu pia kadhi humzuilia muflisi mali yake wadai wakiomba, na dalili ni habari ya Muadh bin Jabal (R.A.), ingawa isnadi yake ina maneno. Abu Hanifa alikataa kumzuilia mtu mzima mwenye akili. Yeye aliona afungwe mpaka auze mwenyewe. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu.

Kasoro iko kwenye sharti moja la sheria ile: mdai aonyeshe kuwa kuna sababu ya kuamini wadai watanufaika. Basi asiye na kitu kabisa hafilisiwi, kwa kuwa hakuna cha kugawa, na hubaki na madeni yake na riba yake. Mwenye mali kidogo hufilisiwa, kisha akirudishiwa hadhi yake, kwa amri ya mahakama au kwa kupita miaka 10, madeni yake ya kabla hufutwa, isipokuwa yaliyotokana na udanganyifu. Ndiyo maana wengine hupatana na rafiki anayewadai: mdaiwa humwandikia barua kuwa hawezi kulipa, naye rafiki huipeleka mahakamani. Majaji wanaijua hila hii na huitazama kwa shaka.

Fiqhi imeanza na yule asiye na kitu. Ikithibiti dhiki yake, ni haramu kumfunga wala kumwandama. Mwenye mali huachiwa nguo zinazomfaa na chakula cha siku ya mgao, chake na cha anaowalisha. Nyumba yake huuzwa kwa kauli sahihi ya madhehebu yetu. Mahanbali humwachia nyumba asiyoweza kukaa bila yake, na sifichi kuwa moyo wangu unaelekea huko, hasa mwenye watoto.

Kwa hiyo Muislamu wa Cape Town aliyefutiwa madeni na sheria ya nchi, kisha Allah akamfungulia riziki, arudi kwa wadai wake awalipe rasilmali yao, riba haimo. Mdai hana tena njia ya kumshitaki, lakini haki yake imo katika dhima ya mtu yule. Akifa kabla ya kulipa, warithi watoe deni hilo katika tirka kabla ya kugawana.