Stara si Kifungo: Tukisome Vipi Kitabu cha Bibi Rokeya wa Bengal?



Miongoni mwa makosa yaliyouletea Umma madhara makubwa ni kuipa mila ya nchi jina la Sharia. Kitabu cha Abarodhbasini, yaani "Wanawake Waliofungiwa", alichokitoa Bibi Rokeya Sakhawat Hossain kwa Kibengali mwaka 1931, kinalionyesha kosa hilo kwa visa 47. Wapo wanaokitumia kuushambulia Uislamu, na wapo wanaokikataa kabla ya kukifungua. Tunaona kwamba makundi yote mawili hayakukisoma sawasawa.

Bibi Rokeya alizaliwa mwaka 1880 huko Pairaband, wilaya ya Rangpur. Dada yake, Karimunnesa, alizuiwa kusoma Kibengali. Yeye mwenyewe alifundishwa Kiingereza na kaka yake usiku, wakubwa wakiwa wamelala. Hata hivyo, mlango ulikwishafunguliwa kabla yao: Nawab Faizunnesa alianzisha skuli ya wasichana mjini Comilla mwaka 1873. Mumewe Bibi Rokeya alipofariki mwaka 1909, alizitumia fedha alizomwachia kufungua skuli ya wasichana 5 mjini Bhagalpur, na mwaka 1911 akaihamishia Calcutta. Baada yake akaja mshairi Sufia Kamal (1911–1999), ambaye naye hakupelekwa skuli, akaiendeleza kazi hiyo.

Tuvipime visa vyenyewe. Mwandishi anaeleza kwamba alipokuwa na miaka 5 alilazimishwa kujificha hata mbele ya wanawake wageni. Tunauliza: hukumu hii imetoka wapi? Mtoto wa umri huo hajakalifishwa, wala mwanamke hakuamrishwa kumficha uso mwanamke mwenziwe. Katika kisa kingine, mwanamke alianguka kwenye njia ya reli, na mtumishi wake akawazuia wanaume wasimguse, mpaka treni ikamsaga. Kila mwanafunzi wa fiqhi anajua kwamba kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sharia, na kwamba dharura ina hukumu yake. Waliomzuilia msaada hawakumhifadhia dini, bali walimpotezea roho.

Kisa chenye hoja nzito zaidi kwetu ni cha bibi harusi wa Kihindu. Alikuwa hamjui mumewe kwa uso, akiitambua nguo yake tu, hivyo akamfuata mwanamume mwingine katika msongamano wa watu. Ikiwa Mhindu na Mwislamu wa nchi moja wanafungiwa kwa namna moja, basi asili ya kifungo hicho ni desturi ya nchi, si Qur'ani wala Sunna.

Pamoja na hayo, kitabu kina upungufu. Visa vimepangwa kimoja baada ya kingine, vingine vya kuchekesha na vingine vya kuliza, bila ya kubainisha hukumu. Msomaji mwepesi anaweza kuitupa stara pamoja na kifungo. Dawa yake ni kukisoma pamoja na makala yake ya zamani, "Borka", iliyomo katika Motichur (1904), ambamo aliitetea stara ya kadiri na kukanusha kwamba inazuia elimu. Hata basi la skuli yake lilifungwa mapazia, wasichana wakakosa hewa, na bado wapo waliolalamika kwamba upepo unayapeperusha.

Lawama nyingine ni yetu sisi tuliosoma. Bibi Aisha (R.A.) aliwafundisha Maswahaba na Tabiina nyuma ya pazia: pazia likabaki, na elimu ikapita. Haikufaa somo hilo lingoje mjane wa Bengal kulikumbusha. Imamu anapoulizwa na mzazi anayetaka kumtoa binti yake skuli kwa hoja ya stara, ni wajibu wake kupambanua kwanza lipi ni amri ya Mola na lipi ni mazoea ya nyumba ile. Asipopambanua, ataandikiwa amana aliyoipoteza.

Wallahu a'alam.