Kadi za Katwe: Juu ya Kupanga na Kupangua Hadithi

Hadithi ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyefuata uji akakutana na sataranji, imesimuliwa kwa Kiingereza mara tatu katika muda wa miaka sita, na kila mara kwa mpango mwingine. Mwandishi wa michezo Tim Crothers aliiandika kwanza katika jarida la ESPN mwanzoni mwa 2011. Mwaka 2012 akaipanua ikawa kitabu, The Queen of Katwe. Kisha Mira Nair akaongoza filamu, Queen of Katwe, iliyotolewa mwaka 2016 kwa mswada wa William Wheeler. Matukio kwa sehemu kubwa ni yale yale. Kilichobadilika ni lipi linatangulia na lipi linafuata. Nasi twadai kwamba hapo hasa ndipo penye hukumu ya kila msimulizi juu ya Katwe.

Twalileta jambo hili mbele ya walimu kwa sababu ya chombo kinachozidi kuenea. Waandishi wengi wa leo, na wanafunzi wanaowaiga, hupanga hadithi zao kwa programu za kompyuta zenye ubao wa kadi. Iliyo mashuhuri ni Scrivener, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007 na kampuni ya Uingereza iitwayo Literature & Latte. Kioo cha kompyuta chaonyesha ubao mfano wa ule wa matangazo. Juu yake zimepangwa kadi ndogo, kila moja na kichwa chake na muhtasari wa mistari michache, na nyuma ya kadi yamefichwa maandishi kamili ya sehemu ile. Mwandishi akiikokota kadi ya tisa na kuiweka mahali pa pili, maandishi ya nyuma nayo huhama. Kazi iliyohitaji mkasi, gundi na jioni nzima sasa yaisha kwa kidole kimoja.

Kadi zenyewe si jambo jipya. Vladimir Nabokov aliandika riwaya zake za baadaye kwa penseli juu ya kadi. Na alipofariki mwaka 1977 aliacha bunda la kadi ambalo halijawa riwaya. Lilipochapishwa mwaka 2009 kwa jina la The Original of Laura, wachapaji walizitoboa kadi pembezoni ili msomaji azichomoe na kuzipanga apendavyo. Mwingereza B. S. Johnson alikwisha kwenda mbali zaidi mwaka 1969: riwaya yake, The Unfortunates, ilitiwa ndani ya boksi ikiwa vipande 27 visivyoshonwa, cha kwanza na cha mwisho vikitajwa, vilivyosalia visomwe kwa namna yoyote. Lakini Johnson aliviandika vipande vyake akijua kwamba vitachanganywa. Kadi za Nabokov zilikuwa njiani kuelekea mpangilio mmoja ambao mwenyewe hakuufikia. Msomaji anayezichanganya anacheza, hatungi. Tofauti hiyo yafaa kushikwa, maana programu hizi humtendea kila mwandishi kana kwamba ni Johnson.

Sasa na tuiweke Katwe ubaoni. Kadi zetu ni hizi. Baba anafariki Phiona akiwa mtoto mdogo. Mama yake, Harriet, anauza mahindi. Karo inakosekana na watoto wanaacha shule. Phiona anamfuata ndugu yake Brian hadi mahali ambapo Robert Katende anawafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mtoto mdogo kuliko yeye anamwonyesha mwendo wa kila kete. Juba, mwaka 2009, na ushindi. Khanty-Mansiysk huko Siberia, mwaka 2010, katika Olimpiadi ya Sataranji, alikoshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Maji ya mvua yanaingia nyumbani. Nyumba mpya.

Makala ya 2011 yaliitanguliza Siberia: msomaji wa Marekani alimwona kwanza mtoto wa Kiafrika akisafiri kuelekea kwenye baridi, kisha ndipo akaonyeshwa alikotoka. Kitabu kina nafasi kubwa zaidi, nacho chaitumia kwa busara: kabla Phiona hajawa kitovu cha masimulizi, twapewa maisha ya mama yake, kisha maisha ya Katende mwenyewe, yatima aliyetaka kuwa mchezaji wa kandanda. Kwa mpango huo sataranji haishuki Katwe kama muujiza. Inaletwa na mtu mwenye historia yake, aliyekulia katika dhiki zile zile. Filamu nayo yaanza mwaka 2011, msichana akikaribia meza ya mashindano, halafu yarudi nyuma hadi 2007.

Hatua hii ya filamu ndiyo ya kadi kabisa: kuichukua kadi ya mwishoni na kuibandika mwanzoni. Twaiona kuwa kosa la kisanaa. Mtazamaji akijua tangu dakika ya kwanza kwamba msichana atafika mezani, swali lake halibaki "itakuwaje?" bali lageuka kuwa "alitokaje kule?" Na swali la "alitokaje" tayari limekwisha kuifanya Katwe kuwa shimo. Hakuna mhusika aliyelitamka neno hilo. Limetamkwa na mahali pa kadi.

Yapo mabadiliko mengine ambayo programu haiyaoni kamwe, nayo yanatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Chukua kadi mbili. Ya kwanza yasema: "Phiona alirudi kutoka Siberia." Ya pili: "Mvua ikanyesha usiku kucha, maji yakaingia chumbani, mama akawanyanyua watoto." Hamisha ya pili iwe mbele ya ya kwanza. Kompyuta yakubali bila kunung'unika, lakini lugha yakataa. Kile kiambishi -ka- cha "ikanyesha" kimeachwa kikining'inia hewani, kwa sababu kazi yake ni kulishika mkono tukio lililotangulia. Mwandishi hana budi kukibadilisha, na hapo ana njia kadhaa. Akiandika "Mvua ilinyesha," mafuriko yamekuwa tukio linalosimama peke yake, halidaiwi na safari wala haliidai. Akiandika "Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha," mafuriko yamesukumwa nyuma yakawa pazia la jambo jingine. Akiyarudisha mahali pa kwanza na kuiacha -ka-, yamekuwa jibu: mtoto amevuka dunia, akarudi, na mvua ikamkuta palepale. Njia tatu, hukumu tatu juu ya safari ile ile. Muhtasari ulioandikwa usoni mwa kadi, yaani "mafuriko," haukubadilika hata herufi moja.

Mwanafunzi wa Kampala hana haja ya kufundishwa jambo hili kama geni. Mganda akisema "Yazuukuka n'anaaba n'agenda," ile n' inafanya kazi ambayo -ka- inafanya katika "Aliamka, akanawa, akaenda." Ameizoea tangu kwa bibi yake. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya 2005, na hasa baada ya uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa 2022 wa kulifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima katika shule za msingi na sekondari, walimu wengi watakuwa na madarasa ya namna hii. Yafaa waanze na kiungo hicho ambacho mtoto anacho tayari, wala wasianze na jedwali la nyakati. (Jedwali la nyakati huiweka -ka- mwishoni, kana kwamba ni kiporo.)

Si -ka- peke yake. "Msichana huyo," "chumba hicho," "hapo ndipo": kila -o ya urejeshi ni uzi unaokwenda kwenye kadi nyingine. Aliyeandika kwa Kiswahili kizuri ameandika kitu chenye nyuzi nyingi kuliko kadi zinavyoweza kuonyesha. Ndiyo sababu baadhi ya riwaya zetu zaweza kulazwa ubaoni na nyingine haziwezi. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) wa Muhammed Said Abdulla wafaa sana kwa mazoezi: katika hadithi ya upelelezi tukio la kwanza kutendeka ndilo la mwisho kuelezwa, na mwanafunzi akizipanga kadi kwa utaratibu wa kutendeka ataona papo hapo kwamba Bwana Msa hana kazi tena. Nagona (1990) ya Kezilahabi ni habari nyingine. Anayeitia katika kadi atapata kadi nyingi na asipate Nagona.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ya ubao ni ile inayoipata Katwe yenyewe. Kadi hupenda tukio: fulani alikwenda, fulani alishinda, maji yaliingia. Katwe, kusini mwa katikati ya jiji, katika tarafa ya Makindye, haijulikani kwa watu wa Kampala kama mahali pa matukio. Yajulikana kama mahali pa mafundi. Huko huchomelewa mageti na vitanda, hutengenezwa majiko na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na kifaa cha kigeni kilichovunjika hupata mwenzake aliyefuliwa kienyeji. Tumeandika "huchomelewa" na "hutengenezwa" kwa makusudi. Huo ni wakati wa mazoea, na mazoea hayana kadi. Ukiulizwa uandike muhtasari wa fundi anayepiga chuma siku mia tatu kwa mwaka, utaandika nini? Hakuna jambo "lililotokea." Basi huachwa, na kinachobaki ubaoni ni msiba, safari, tuzo. Mtu aliyesoma kadi za Katwe peke yake ataamini kwamba watu wa huko hungoja ama kuzama ama kuokolewa.

Hapa ndipo filamu inapostahili sifa yake, licha ya mwanzo wake. Nair ameishi kwa vipindi jijini Kampala tangu alipotengeneza Mississippi Masala, iliyotoka mwaka 1991, naye ndiye aliyeanzisha huko Maisha Film Lab ya kuwafundisha vijana utengenezaji wa filamu. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kadi ili ajue soko linavyosikika. Kati ya tukio na tukio ametia mambo ambayo hayasogezi hadithi hata hatua moja: wauzaji wanaobishana, vitambaa, bodaboda, Harriet wa Lupita Nyong'o akipanga mahindi na kujipangia heshima yake kwa wakati mmoja. Ungeondoa vipande hivyo vyote na mpango wa matukio ungebaki kamili. Filamu ingekufa. Tena sehemu iliyo nzuri kuliko zote si mashindano yoyote, bali zile siku za baada ya safari, Phiona akiwa nyumbani na hapati pa kujiweka, na mama akihofu kwamba binti yake hatakuwa wa kwao wala wa ugenini. Kwa ubao wa kadi hilo si tukio. Ni nafasi iliyo kati ya kadi mbili.

Hatusemi programu zitupwe. Mwandishi mwenye sura arobaini anahitaji kuziona zote kwa pamoja, na macho ya binadamu hayawezi kuona hivyo katika karatasi mia tatu. Hata katika Scrivener kuna namna moja ya ubao tunayoipenda: mtu aweza kuzitawanya kadi huku na huku, akaziangalia, na utaratibu wa maandishi usibadilike mpaka mwenyewe aamuru. Mwanafunzi atumie huo. Ila kabla ya kuamuru afungue kila kadi aliyoihamisha, asome sentensi ya kwanza kwa sauti, na aitazame -ka- yake inashika nini.

Filamu ile huishia kwenye nyumba mpya, kisha, majina yakipita, waigizaji wanasimama mmoja mmoja kando ya watu halisi waliowaigiza. Mwaka 2017 Mutesi alijiunga na chuo kikuu cha Northwest huko Kirkland, jimbo la Washington. Kadi hiyo haikuwamo ubaoni mwa Wheeler. Haikuwamo nyingine pia. Nikita Waligwa, aliyeigiza Gloria, yule mtoto mdogo anayemfundisha Phiona kwamba kete iliyo ndogo kuliko zote yaweza kuvuka ubao ikageuka malkia, alifariki Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 15, kwa uvimbe wa ubongo. Hakuna picha hata moja ya filamu iliyohamishwa tangu siku ile. Onyesho la watoto wawili na ubao wao liko palepale lilipowekwa mwaka 2016, karibu na mwanzo, na darasa lililokwisha kuambiwa habari hii hulitazama kwa kimya.