Saini Moja, Maneno Mawili: Kipindi cha Ufahamu Kilivyofundishwa Upya

Mzazi husaini fomu ya ruhusa, mgombea hukusanya saini za wadhamini, na shabiki huomba saini ya mchezaji anayempenda. Kiswahili kinatosheka na neno moja kwa kazi zote tatu. Kiingereza hakitosheki: saini ya fomu ni "signature", ya shabiki ni "autograph". Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili akipewa kifungu kuhusu watu wanaokusanya "autographs", anaweza kupotea kabla hajafika aya ya pili, hata kama kila neno amelitafsiri.

Kifungu hicho nimekifundisha mara mbili, kwa mikondo miwili. Mara ya kwanza nilipita njia tuliyoizoea: maneno magumu 12 ubaoni, maana zake kwa Kiswahili pembeni, kusoma kwa sauti kwa zamu, kisha maswali. Kwenye "signature" niliandika saini. Kwenye "autograph", saini vilevile. Madaftari yalijaa vema, kwa kuwa kila swali la "why" lilijibika kwa kunakili sentensi yenye "because". Kengele ilipokaribia, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtu akirundika saini za watu nyumbani kwake, si anataka kughushi?" Alikuwa amesoma kifungu chote, na kwa maana niliyompa ubaoni, hoja yake ilikuwa sahihi.

Mara ya pili sikuanza na ubao. Nilikuja na vitu viwili: fomu ya ruhusa iliyosainiwa na mzazi, na shati jeupe la mhitimu wa kidato cha nne, limejaa majina ambayo wenzake waliyaandika siku ya kuagana. Nikauliza: tukifuta saini hizi, kinaharibika nini? Fomu, wakasema, haitapokelewa. Na shati? Binti mmoja akajibu, "Shati litavalika, ila kumbukumbu imekwenda." Hapo ndipo nikaandika "signature" chini ya fomu na "autograph" chini ya shati. Dakika 7 zilitosha, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Kisha nikawapa sababu ya kusoma. Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 lina saini za watu 56. Niliandika majina manne, Benjamin Franklin, Thomas Jefferson, John Hancock na Button Gwinnett, wakapiga kura: ya nani ni adimu kuliko zote? Gwinnett hakupata hata kura moja. Wakasoma kimya dakika 5, kila mmoja akitaka kujua kama amepatia.

Kifungu chenyewe nilikuwa nimekiandika upya na kukiondolea kila "because". Sababu nilizitawanya katika aya tatu. Aya ya kwanza: Gwinnett, mjumbe wa Georgia, alikufa Mei 1777 kwa jeraha la risasi baada ya kupambana kwa bastola na Lachlan McIntosh, mwaka haujatimia tangu asaini Tangazo. Ya pili: maandishi aliyoacha ni machache. Ya tatu: wakusanyaji wanaotaka seti kamili ya wote 56 hawawezi kumruka, na mwaka 2010 saini yake moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola 700,000. Kwa mpangilio huo hapakuwa na sentensi ya kunakili. Jibu lilipatikana kwa kuunganisha aya. Hata neno "rare", ambalo sikulifundisha, walilifikia wenyewe kupitia "few".

Mtego wa mwisho ulijitokeza kwenye kuandika. Niliwataka waombe "autograph" kwa Kiingereza. Wengi walianza na "naomba unisainie", wakaandika "I am asking you to sign for me". Mwingereza akisoma hivyo anaweza kudhani ameombwa asaini kwa niaba yao. Ile -i- ya unisainie ndiyo iliyowaponza. Tulirudi kwenye shati, tukaandika "May I have your autograph?" na kuisema kwa jozi. Sehemu hii ilipata dakika 8 tu kati ya 40, nazo hazikutosha. Safari nyingine nitaipa nusu ya kipindi.

Mkondo wa kwanza nilikuwa na deni nao. Nimewapelekea shati, na swali la yule kijana nimelifanya kichwa cha kifungu cha wiki ijayo, kwa kuwa wakusanyaji wenyewe wanaliuliza kila siku: saini ikishafika bei hiyo, waghushi nao huisogelea. Safari hii atalisoma akijua ni saini ipi inayozungumzwa.