Ufundi wa Kukisia Nguvu Zilizofichika

Kukisia nguvu zilizofichika ndani ya tamthilia ya mafumbo ni kazi ya mtazamaji anayetaka kujua, kabla mtunzi hajafunua, ni mkono gani unaoyaendesha mambo. Wengi huiona kazi hiyo kuwa porojo za watu wenye muda wa kupoteza. Lakini ina malighafi yake, kanuni zake na vipimo vyake vya ubora, na ikifanywa vizuri ni usomaji wa hadithi wa kiwango cha juu kabisa. Anayeifanya kwa dhati humheshimu mtunzi kuliko anayeketi kusubiri jibu, kwa kuwa huchukulia kila kilichowekwa mbele ya kamera kuwa kimewekwa kwa makusudi mpaka ithibitike vinginevyo.

Ufundi huu ulikuwapo kabla ya zama za intaneti. Mwaka 1967 Uingereza ilianza kuonyesha The Prisoner, tamthilia ya sehemu 17 inayomhusu mpelelezi aliyejiuzulu, akatekwa na kuamkia katika kijiji ambako watu huitwa kwa namba. Yeye akawa Namba 6, na swali likawa nani ni Namba 1. Mwaka 1990 Marekani ikapata Twin Peaks ya David Lynch na Mark Frost, iliyowauliza watazamaji nani amemuua Laura Palmer, kisha polepole ikawaonyesha kwamba nyuma ya muuaji kulikuwa na pepo aitwaye Bob. Kwa wakati huo mashine za video zilikuwa zimeingia majumbani. Mtazamaji aliweza kurekodi sehemu nzima, kuirudisha nyuma na kuitazama tena, na kukisia kukaacha kutegemea kumbukumbu pekee, kukaanza kutegemea ushahidi.

Kilele cha ufundi huo kilifikiwa na Lost, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha ABC tarehe 22 Septemba 2004 na kumalizika tarehe 23 Mei 2010 baada ya misimu 6. Ilipigwa picha Hawaii, na waliotajwa kuwa waasisi wake ni J. J. Abrams, Damon Lindelof na Jeffrey Lieber. Lindelof pamoja na Carlton Cuse ndio walioiongoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ndege namba 815, iliyokuwa ikitoka Sydney kwenda Los Angeles, inaanguka kisiwani. Usiku wa kwanza manusura wanasikia kitu kikubwa kikiangusha miti msituni. Kesho yake kitu hicho kinamnyakua rubani kutoka ndani ya chumba chake. Hakuna anayekiona. Tangu hapo kazi ya mtazamaji ikawa kukiumba kichwani kitu hicho kutokana na alama kinazoziacha.

Mkisiaji hodari huanza kwa kuutenga ushahidi katika mafungu matatu: kilichoonekana kwa macho, kilichosemwa na mhusika, na kilichodokezwa na mpangilio wa picha. Mafungu haya hayana uzito sawa. Danielle Rousseau, mwanamke aliyekwama kisiwani kwa miaka 16, anasema kwamba kitu kile ni mfumo wa ulinzi. Hilo ni neno la shahidi, na shahidi huyo amekaa peke yake kwa muda mrefu mno, tena amewaua wenzake akiamini kwamba wamepatwa na maradhi. Benjamin Linus naye anajua mengi kuliko karibu wahusika wote, lakini husema uongo kila unapomfaa. Asiyepima msemaji kabla ya kupima maneno yake hujenga juu ya mchanga.

Kitu kile cha msituni ndicho somo bora la jinsi dhana inavyozaliwa, inavyokomaa na inavyoanguka. Katika msimu wa kwanza kilitoa sauti za chuma zinazogongana, na wapo waliodhani ni mashine, na wengine mnyama wa kale aliyesalia duniani. Mei 2005 kikaonekana kwa mara ya kwanza: ni moshi mweusi. Dhana ya mnyama ikafa siku hiyo. Ya mashine haikufa, ikabadilika. Mashabiki wakasema moshi huo ni wingu la mashine ndogo mno zinazoruka pamoja kama nyuki. Januari 2006 moshi ukasimama uso kwa uso na Eko, padri wa uongo kutoka Nigeria, na ndani yake zikamulika picha za maisha yake ya nyuma. Sasa dhana yoyote ililazimika kueleza jambo jipya: moshi husoma nyoyo za watu.

Baadaye mwaka huohuo moshi ukamwendea Eko kwa sura ya marehemu ndugu yake Yemi, ukamtaka aungame, naye alipokataa ukamuua. Mwaka 2007 ukaonekana ukizuiwa na uzio wa nguzo zinazotoa sauti. Mambo haya mawili yalivutana. La kwanza liliuelekeza moshi upande wa roho na hukumu, la pili likaurudisha upande wa sayansi, kwa sababu roho isiyo na mwili haikutarajiwa kuzuiwa na nguzo. Hapa ndipo fundi alipojipambanua. Mkisiaji mvivu alichagua tukio moja na kulisahau lingine. Mkisiaji makini aliyashika yote mawili na kutafuta kiumbe kinachoweza kuyabeba: chenye nia, chenye kuvaa sura za wafu, na bado chenye mipaka ya kimwili. Jibu lilikuja kwa mafungu. Februari 2010 ilibainika kwamba moshi ndiye yule aliyekuwa akitembea kwa sura ya marehemu John Locke, mmoja wa manusura. Mei mwaka huo ikaonyeshwa asili yake: mtu aliyetupwa na nduguye Jacob katika pango la mwanga, moshi ukatoka. Waliokuwa wameshika nia, sura za wafu na mipaka kwa pamoja walikuwa wamekwisha kuchora umbo lake kabla ya kulijua jina lake.

Ushindi mkubwa zaidi wa wakisiaji ulianza na jambo dogo. Katika sehemu ya ufunguzi, Locke anamweleza mtoto Walt mchezo wa bakgamoni, akisema kuna wachezaji wawili na pande mbili, moja nyeupe na moja nyeusi. Sehemu chache baadaye, Jack, manusura mwingine, anakuta pangoni mifupa ya watu wawili pamoja na kifuko chenye mawe mawili, jeupe na jeusi. Kutokana na vitu hivyo vidogo wapo waliodhani kwamba kisiwa ni uwanja wa wapinzani wawili na manusura ni kete zao. Ilichukua karibu miaka 5 kufika Mei 2009, sehemu ya mwisho ya msimu wa tano, ambapo wanaume wawili, Jacob na nduguye, walionekana wameketi ufukweni, mmoja kavaa nguo nyeupe na mwingine nyeusi. Dhana hiyo haikuhitaji elimu ya siri. Ilihitaji mtu aliyeamini kwamba mtunzi haweki mawe mfukoni mwa maiti bila sababu.

Sehemu nyingine ya ufundi huu ni kazi ya mikono, nayo inastahili sifa yake. Mwaka 2006, katika msimu wa pili, mlango wa chuma ulimbana Locke ndani ya handaki lililokuwa kisiwani, taa zikabadilika, na kwa sekunde chache ikaonekana ramani iliyochorwa kwa rangi isiyoonekana kwenye mwanga wa kawaida. Mashabiki waliisimamisha picha, wakainakili mstari kwa mstari na kuyafasiri maneno ya Kilatini yaliyoandikwa pembeni. Walipekua pia vitabu vilivyopita mbele ya kamera, kama The Third Policeman cha Flann O'Brien, na majina ya wahusika yaliyoazimwa kwa wanafalsafa na wanasayansi: Locke, Hume, Rousseau, Faraday. Saa ya handaki, iliyohesabu kurudi nyuma, ilipofika sifuri na kuonyesha maandishi ya picha ya Misri ya kale, walianza kuisoma historia ya Misri. Kisha ukaonekana mguu wa sanamu wenye vidole vinne, na hatimaye ikajulikana kuwa ni sanamu ya Taweret, mungu wa kike wa Wamisri. Kwa njia hiyo tamthilia ya burudani iliwapeleka watu maktaba kwa hiari yao.

Ukisiaji una hatari zake, na iliyo kubwa ni kuipenda dhana kuliko ushahidi. Mapema kabisa ilienea rai kwamba manusura wote wamekwisha kufa na kisiwa ni toharani. Watunzi walikanusha mara nyingi. Katika msimu wa sita kulikuwa na maisha ya pili yaliyosimuliwa sambamba, na mwisho wake ukaonyesha kwamba hayo ndiyo mahali pa kukutania baada ya kufa. Wengi waliokuwa wameikumbatia rai ya toharani wakatangaza kwamba wameshinda, ingawa baba yake Jack anasema waziwazi katika tukio hilohilo kwamba kila kilichompata Jack kilikuwa cha kweli. Walisikia walichotaka kusikia. Dhana isiyokubali kuvunjwa na chochote haielezi chochote, hata kama kwa bahati inagusana na ukweli kwa upande mmoja.

Hatari ya pili ni kusahau kwamba tamthilia hutengenezwa na watu, na nguvu nyingine zilizofichika ziko nje ya hadithi. Bob wa Twin Peaks aliigizwa na Frank Silva, mmoja wa wapambaji wa seti. Lynch alimpiga picha akiwa amechutama kando ya kitanda, kisha sura yake ikanaswa kwa bahati katika kioo wakati wa kupiga tukio jingine, na hapo akafanywa pepo. Michael Emerson aliajiriwa kwa sehemu chache tu za Lost, uigizaji wake ukamfanya Benjamin Linus kuwa nguzo ya hadithi. Mwigizaji wa Walt alirefuka haraka kuliko kalenda ya kisiwa, mhusika akaondolewa kwa muda mrefu. Mkisiaji aliyekomaa huacha nafasi kwa bahati, kwa umri wa waigizaji na kwa maamuzi ya kituo. Mei 2007 ABC ilipotangaza kwamba tamthilia itamalizika mwaka 2010, tangazo hilo lenyewe likawa ushahidi: kuanzia hapo kila kidokezo kilikuwa na muda wa kulipwa.

Yapo pia mafumbo yasiyofungwa sawasawa. Namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42, ambazo jumla yake ni 108, zilimpa Hugo, mmoja wa manusura, ushindi wa bahati nasibu na kumwandama kwa misiba. Zilichorwa pia juu ya handaki ambamo kitufe kilibonyezwa kila baada ya dakika 108. Mchezo wa nyongeza uliotolewa mwaka 2006 ulizieleza kuwa sehemu ya mlinganyo wa kutabiri mwisho wa wanadamu. Msimu wa sita ukazifungamanisha na majina ya waliokuwa wakifikiriwa kumrithi Jacob katika kukilinda kisiwa. Hakuna jibu kati ya hayo linaloeleza laana ya Hugo. Katika kitendawili, anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishaupokea ana wajibu wa kufumbua. Watunzi wa tamthilia huweza kuupokea mji na kunyamaza. Ndiyo maana jibu la mtunzi haliwezi kuwa kipimo pekee cha kazi ya mkisiaji.

Kipimo cha haki ni kingine. Dhana njema hukusanya ushahidi mwingi kwa maelezo machache, haimlazimishi mhusika kutenda kinyume cha tabia yake, na hutaja mapema ni tukio gani likitokea itavunjika. Zaidi ya yote, humfanya mtu aione upya sehemu aliyokwisha kuiona. Dhana ya wapinzani wawili ingekuwa na thamani hata kama wanaume wale wasingeonekana ufukweni, kwa sababu iliwafundisha watazamaji kuona jinsi nyeupe na nyeusi zilivyopangwa tangu mwanzo. Hata dhana ya mashine ndogo, iliyokuwa na kosa, iliwalazimisha watu kusikiliza sauti za msitu kwa uangalifu ambao hadithi nyingi hazijawahi kuupata. Tamthilia huandikwa na wachache, na mafumbo yake hupata uzito wake kamili pale watazamaji wanapokubali kuyafikiria kwa bidii ileile iliyotumika kuyatunga.